Mlenda Kwenye Bwawa la Chemchem

Marahaba. Najua hamjanisalimia. Nimeamua kuitikia mapema kwa sababu shikamoo za vijana wa siku hizi zinachelewa kuliko treni ya mizigo. Haya, kaeni tuzungumze.

Kila nikikatiza Mtendeni hapa Tabora lazima nikutane na mmoja wenu kabeba ndoo ya klorini, jasho linamtoka, ananisimamisha: "Mzee Ndahani, bwawa limekuwa kijani. Tumemwaga dawa mpaka macho yanawasha, na bado kijani. Tufanyeje?" Nami humuuliza swali moja: umesugua? Ananitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Hajasugua. Ametazama video kwenye simu, kamwona mzungu anamwaga unga, maji yanageuka bluu, muziki unapigwa, basi na yeye keshakuwa fundi. Mwanangu, yule mzungu alisugua kabla ya kuwasha kamera.

Ule ujani wasomi wanauita mwani. Sisi wa kazi tunauita ukoga, maana ndivyo ulivyo, utando wa utelezi kama ule unaoamka nao mdomoni asubuhi. Nani kati yenu anasafisha meno kwa kumeza dawa ya mswaki? Hakuna. Ukoga umejishika ukutani na umejifunika. Ukimwaga klorini bila kusugua unaua ule wa juu, wa chini unakucheka. Sugua kwanza, kuta na sakafu na zile pembe za ngazi mnazozikwepa kwa uvivu. Yachafue maji mpaka uone aibu, ndipo dawa ipate pa kushika.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Salumu, Mwarabu wa hapahapa mjini, Mungu amrehemu, aliyekuwa akitunza bwawa la hoteli moja ya zamani. Mtu mfupi, mdomo mrefu. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimetia unga wa klorini kwenye ndoo kavu, nimeinua dumu nataka kuumwagia maji. Alinipiga kofi la mgongo dumu likaenda kule.

"We Mgogo! Unataka kwenda kwa Mola wako bila nyusi? Maji kwanza! Dawa ndiyo inayoyafuata maji, maji hayaifuati dawa!"

Nilidhani ananitisha. Baadaye nikamfahamu jamaa mmoja aliyefanya kinyume. Hakufa, ila nyusi zilikwenda, na kwa muda mrefu alionekana mtu mwenye kushangaa kila kitu, hata akiwa kanisani. Basi mshike hilo. Na msichanganye dawa mbili kwenye ndoo moja kwa sababu tu zote zimeandikwa "ya bwawa".

Kwa mambo mengine Salumu hakuwa mtu wa kuigwa. Ninyi mna vijichupa vya matone, mnaona rangi, mnajua maji yamechachuka au yamekuwa ya magadi. Salumu alikuwa anayaonja. Anachota kwa kiganja, anasukutua, anatazama juu, anasema, "Magadi." Na kweli, ukipima, magadi. Lakini msionje, tafadhali. Mabwawa ya siku hizi yanaogelewa na watoto. Tumieni matone yenu, na kama maji yana magadi mengi yarekebisheni kwanza, maana humo klorini inalala usingizi wa pono, unamwaga mifuko bure.

Nami nilikuwa na ujanja wangu wa nyumbani. Kwetu Ugogo tunalima zabibu, na zabibu tunazinyunyizia mrututu, ile dawa ya bluu. Mrututu unaua ukoga kweli, sikatai, ila ni dawa ya kutia kidogokidogo. Mimi, kwenye bwawa la nyumba moja niliyoajiriwa, niliutia kwa mkono wa mkulima. Maji yakapendeza, nikajipongeza. Jumamosi akaja mjomba wa mwenye nyumba kutoka Usoke, mzee wa nywele nyeupe pee, akajiloweka humo mchana kutwa. Jumapili alikwenda misani na nywele za kijani. Wenzake waliokaa benchi la nyuma walidhani ni mtindo mpya umetoka Dar.

Mwenye nyumba huyo ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia.

Aliitwa, na bado anaitwa, Mzee Mihambo. Mnyamwezi, mfanyabiashara wa tumbaku, nyumba yake iko Chemchem na ina bwawa nyuma. Mimi Mgogo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani tangu kabla hatujazaliwa. Enzi za misafara wazee wao walipita Ugogo wamejitwisha pembe za ndovu kwenda pwani, na wazee wetu wakawatoza hongo kabla ya kuwaruhusu kunywa maji ya visima. Ugomvi ule ndio uliozaa utani, na mtani humvumilia mtani wake hata kwa neno ambalo angelisema mwingine angepigwa rungu.

Siku aliyoniajiri alinizunguka kama anayenunua mbuzi, akasema, "Babu zako walimuuzia babu yangu maji. Leo nawalipa tena ili mjukuu wao ayachunge. Laana hii itaisha lini?"

Nikamjibu, "Itaisha mtakapoacha kubeba mizigo." Maana alikuwa amesimama pale na mkoba wa mkewe begani.

Kilichomfurahisha kuliko yote ni kwamba mimi sijui kuogelea. Msicheke. Kwetu mvua tunaisikia kwenye redio, ningejifunzia wapi? Kazi yote niliifanya nikiwa ukingoni, kwa brashi ya mpini mrefu na wavu wa mpini mrefu. Siri hiyo aliijua yeye na mkewe tu, wakanitunzia, kwa sababu nani mwingine angempa kazi mtunza bwawa anayeliogopa bwawa?

Mkewe, Mama Maganga, ndiye aliyekuwa mwenye bwawa hasa. Daktari alimwambia magoti yake yanataka maji, akajifunza kuogelea ukubwani, akawa hakamatiki. Kila asubuhi alitoka amejifunga kanga, kichwani kofia ya plastiki ya njano. "Mwangaluka, Mgogo!" ananiamkia kwa lugha ya kwao. Anaingia, anazama mzimamzima, anaibuka anatema maji kama bomba lililopasuka, kisha anamwita mumewe aliyekaa barazani na chai yake.

"Baba Maganga! Ingia bwana, maji hayang'ati!"

Na mzee, bila kushusha kikombe: "Mimi si chura."

Kila siku maneno yaleyale. Alilichimbisha bwawa yeye, akalijaza yeye, na hakulowesha humo hata kidole gumba. Mama alikuwa anacheka, anageukia upande wa pili, anaogelea zake.

Kisha Mama Maganga akaugua. Mzee akampeleka Mwanza kwa matibabu, akafunga geti, akazima umeme wa nyumba nzima, akaniambia nikapumzike mpaka warudi. Na kabla ya hapo alikuwa amepanga mifuko ya mbolea ya tumbaku kando ya ukuta wa bwawa, kwa sababu ghala lilijaa. Nilimwambia hapo si mahali pake. Akasema, "Itakaa kidogo tu, acha kelele zako." Aliifunika turubai, akaondoka.

Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Ukoga ni mmea. Pampu haizunguki, jua la Tabora mnalijua, mvua ikanyesha, upepo ukaondoa turubai, maji yakaisomba mbolea mpaka mle bwawani. Ule mmea ulipata huduma ambayo wakulima wengi wa tumbaku wa Urambo hawaipati.

Hawakurudi kama walivyokwenda. Mama alirudi ndani ya jeneza, mzee kakaa pembeni yake.

Nilipofika msibani nikaona lile bwawa, nilishika kichwa. Lilikuwa mlenda. Mlenda mtupu, ile mboga yetu Wagogo, mzito, unavutika, umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Na Wanyamwezi hawakuniacha hata dakika. "Ndahani, leo umewapikia waombolezaji wote?" "Mgogo, ugali uko wapi, mboga tumeiona!" Nilicheka kwa mdomo. Moyoni niliumia sana, kwa kuwa yale yalikuwa maji ya Mama Maganga.

Tulimzika mchana. Tuliporudi nyumbani, Mzee Mihambo alikaa kwenye kiti cha plastiki mkabala na bwawa, na suti yake nyeusi, akilitazama. Hakuwa amesema neno tangu Mwanza. Dada yake alimwekea chakula, kikapoa, akakiondoa, akamwekea kingine. Padri alimwinamia akaongea naye, akakata tamaa. Maganga, mtoto wake mkubwa, akasimama mbele ya ndugu akasema kwa sauti, "Kesho linakuja lori la udongo. Hili shimo tunalifukia. Limeshaoza, na mzee akiendelea kulitazama hivi atatufia." Watu wakaitikia.

Hapo niliogopa, vijana wangu. Niliona wazi kwamba wakilifukia lile shimo, na yeye anaingia humohumo. Na mimi ni nani wa kumzuia Maganga? Fundi wa bwawa lililooza. Sina cheo, sina ukoo pale. Nilikuwa na utani tu.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Wengine wakilia, yeye anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama marehemu, kusema kama marehemu, mpaka wafiwa wacheke wakitaka wasitake. Nikamfuata yule dada wa mzee nikamwambia, nipe kanga ya marehemu na ile kofia ya njano. Akaingia ndani, akaniletea.

Nilitoka nimejifunga kanga kifuani, kofia kichwani, natembea kwa magoti mabovu ya Mama Maganga. Turubai zima la waombolezaji likalipuka kwa kicheko. Wanawake walipiga vigelegele na machozi yanawatoka. "Mwangaluka!" nikawapungia. Nikafika ngazini, nikashuka. Nilijipangia vizuri: nisimame upande wa kina kifupi, maji kiunoni, nijifanye naogelea, nimwite mzee kwa maneno yale, nitoke.

Ila nilisahau jambo ninalowahubiria ninyi kila siku. Ukoga unateleza. Na kwenye maji ya kijani huoni sakafu inapoanza kuinama.

Nilipiga hatua ya tatu, miguu ikaondoka. Nikateleza kama mtoto kwenye tope mpaka upande wa kina kirefu, nikazama. Nikaibuka, nikatema maji, nikazama tena. Na juu huko, watu walifanyaje? Walipiga makofi! Maana hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya Mama Maganga, anazama, anaibuka, anatema. "Loh, mtani kamuweza!" "Mwone anavyotema, mama mtupu!" Nilipayuka "Nisaidieni!" nikasikia mtu anasema, "Hilo la kuomba msaada ameongeza mwenyewe." Nilikuwa nakufa, na kila nilivyozidi kufa ndivyo nilivyozidi kusifiwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Mzee Mihambo alisimama, kile kiti kikaanguka.

"Hajui kuogelea!" Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Mwanza. "Huyu Mgogo hajui kuogelea, anazama kweli!"

Wakacheka zaidi. Mtunza bwawa hajui kuogelea? Walidhani na yeye amejiunga na utani. Maganga alifurahi mpaka akamshika mwenzake bega: "Mzee kaongea! Mzee anatania!" Mzee aliwageukia wote, akaona hakuna hata mmoja anayenyanyuka. Basi akaunyakua wavu wangu wa mpini mrefu uliokuwa umeegemea ukuta, akashuka ngazi na suti yake, na viatu vyake, na tai yake, mpaka maji yakamfika kifuani, akajishikiza kwenye chuma cha ngazi kwa mkono mmoja, akanisukumia mpini. Niliung'ang'ania kwa mikono na meno. Akanivuta.

Tulikaa kwenye ngazi, maji kiunoni, wote wawili tumepakwa kijani kuanzia utosini. Mimi nakohoa, yeye anahema. Sasa kicheko kilikuwa kimekatika, watu wameelewa. Mzee akajitazama suti, akanitazama mimi na kanga ya mkewe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na alilia kwa sauti kubwa mbele ya watu wote.

"Ameniita miaka yote, Ndahani," akasema. "Kila asubuhi. Nami nasema mimi si chura. Leo nimeingia, na hayupo wa kuniona."

Nikamwambia, "Mimi nimekuona. Umejaa mlenda usoni."

Akanipiga kibao cha kichwa, huku analia. Maganga akaja ukingoni na taulo, akaanza, "Baba, kesho lori likishafukia..." Mzee hakumgeukia. "Lori lirudi lilikotoka," akasema. "Na mniletee chakula. Cha huyu Mgogo pia, kameza mboga bila ugali."

Kesho yake alinikuta bwawani asubuhi. Alikuwa na brashi mkononi, anaishika kama fagio. Nikamwambia kama unataka kusaidia utafanya kwa utaratibu wa kazi, utajiri wako uache barazani. Akasema sawa, fundi.

Basi tulifanya hivi, na ninyi mfanye hivihivi. Tuliondoa kwanza mifuko ya mbolea, maana kumwaga dawa huku mmea unaendelea kulishwa ni ujinga. Tukachota majani kwa wavu mpaka mikono ikafa ganzi. Tukasugua. Mzee alisugua ngazi za mkewe peke yake, akanikataza kugusa. Tukapima maji, tukapunguza magadi. Jua lilipokuwa linazama ndipo tukatia klorini, dozi ya nguvu, kwa sababu jua la mchana linaila dawa kabla haijafanya kazi. Tukawasha pampu ikazunguka bila kupumzika, na kila ilipoanza kukoroma tukarudisha maji kinyumenyume kuosha mchanga wa chujio. Wengi wenu hapa ndipo mnapoharibu. Ukoga uliokufa unaziba chujio, mnaacha, maji yanarudi na uchafu uleule, halafu mnalaumu dawa.

Maji yakaacha ukijani, yakawa kama ya kuoshea mchele. Mzee akakata tamaa, akasema tumeharibu. Nikamwambia huo ndio ushindi, hizo ni maiti za ukoga. Tukayeyusha shabu, ileile ambayo mama zenu walitumbukiza kwenye mtungi kutuliza tope, tukatia, tukazima pampu, tukayaacha maji yatulie. Takataka zote zikaketi chini. Nikazivuta polepole kwa mpira na kuzimwaga nje, bila kuzirudisha kwenye chujio.

Asubuhi iliyofuata tuliiona sakafu. Kule kwenye kina kirefu kulikuwa na kandambili yangu moja ya tairi, na pembeni yake kofia ya njano iliyonivuka kichwani siku ile. Nikaivua kwa wavu, nikaisuuza, nikamkabidhi. Aliishika kwa mikono miwili. Kisha akaivaa. Mzee mzima, mwenye kitambi, mfanyabiashara wa tumbaku, na kofia ya plastiki ya njano. Sikuweza kumtania. Nikageuka kuiopoa kandambili yangu.

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa kuinama. Bwawa lile analitunza mmoja wenu, yuko hapa, anajijua, na pembe za ngazi hazisugui vizuri. Mimi naenda tu asubuhi kunywa chai. Mzee Mihambo amejifunza kuogelea, kama naweza kuliita hilo kuogelea, anashika ukingo na kupiga miguu. Nakaa barazani kwenye kiti chake, nashika kikombe, na kila siku ananiita na ile kofia kichwani.

"Ndahani! Ingia bwana, maji hayang'ati!"

Nami namjibu, "Mimi si chura."

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Lakini juzi alipoita, nilikitazama kile kikombe, nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikishika kabla yangu, na jinsi alivyolia kwenye ngazi. Nikakiweka chini, nikavua kandambili. Nikaingia mpaka magotini, na maji yalikuwa baridi kweli.